Redio ya Babu, Simu ya Mjomba

Mwaka jana nilikwenda likizo Miono nikiwa na cheti cha ulinzi wa amani ndani ya simu yangu. Nilikipata kwa jioni nne, nimelala kitandani hosteli, baada ya kusoma kozi ya bure mtandaoni na kujibu maswali 50 ya kuchagua. Sijawahi kushika bunduki wala kuvaa kofia ya buluu. Kozi niliisoma kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili ya historia na, niseme ukweli, kwa sababu cheti chenyewe kilikuwa kizuri kukitazama.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni askari mstaafu. Aliwahi kulinda amani mashariki mwa Kongo. Siku hizi analima korosho na ufuta. Nilimkuta amekaa mkekani chini ya mwembe, anapepeta ufuta kwenye ungo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba." Kwetu mjomba naye humwita mpwa wake mjomba.

Nilimwonyesha cheti. Akaisogeza simu mbali na macho, akakisoma chote mpaka tarehe.

"Umepata ngapi?"

"Tisini na mbili."

"Majeraha yamo humo?"

"Yamo."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kanga kuukuu na kijiti. Akakaa, akanyoosha mguu. "Haya. Nimepigwa risasi ya paja, damu inaruka. Nifunge."

Jibu nililijua. Ningeweza kulitaja kwa Kiingereza safi: funga juu ya jeraha, zungusha kijiti, kaza mpaka damu ikome, andika saa. Lakini kanga ililegea mara mbili, kijiti kikaniponyoka, fundo likakaa mahali ambapo nisingeweza kulikaza tena. Mjomba alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. Alipofika mia na ishirini akanyamaza.

"Nimeshakufa," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka pale pale, lakini usiku nililifikiria jambo lile kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekuja na swali la kitaaluma: mafunzo ya ulinzi wa amani yalihamaje kutoka uwanjani kwenda kwenye bahasha za posta, na kutoka kwenye bahasha kwenda kwenye simu? Sasa nilikuwa na swali jingine lililonisumbua zaidi: katika kuhama huko, nini kilisahaulika njiani?

*

Ukitoka Dar es Salaam kuja Miono kwa barabara ya Bagamoyo, unapita Mapinga, Bagamoyo mjini, mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, halafu Msata. Hapo unaingia barabara kuu iendayo Segera, unavuka mto Wami, na Mandera unakata kulia kwenye njia ya Saadani. Ni njia ya kawaida ya mabasi na malori, lakini kwa mwanafunzi wa historia ni njia ya mafunzo ya kijeshi. Mapinga kuna kituo cha mafunzo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018. Bagamoyo palikuwa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO katika miaka ya 1960, na baadaye shule yao ya sekondari. Kihangaiko, kule Msata, ni shule ya jeshi inayowapokea askari wapya. Kwetu mtoto anajua malori ya jeshi kabla hajajua herufi.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles kuwaonyesha viongozi kwamba jeshi lililorithiwa kwa mkoloni halikuwa lao. Miaka iliyofuata lilijulikana kwa kusaidia ukombozi wa kusini mwa Afrika na kwa vita vya Kagera. Kulinda amani ya watu wengine kulikuja baadaye. Mwaka 1994 askari wa Tanzania waliungana na ECOMOG, jeshi la Afrika Magharibi lililokuwa Liberia. Miaka ya 2000 wakaenda Lebanon na Darfur. Mwaka 2013 wakaenda Kongo kwa kazi ambayo haikuwa ya kawaida. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi 2013, liliunda brigedi ya kuyashambulia makundi yenye silaha, si kukaa katikati yao tu. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania.

Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Unaazima askari. Kikosi kimoja kinatoka nchi yenye vyuo vya kijeshi vya miaka mia mbili, kingine kinatoka nchi ambayo jana yenyewe ilikuwa vitani, na wote wanatakiwa kujua sheria zilezile: lini unaruhusiwa kufyatua risasi, raia analindwaje, mateka anatendewaje, askari akimdhulumu binti wa kijijini anachukuliwa hatua gani. Nani awafundishe? Azimio la Baraza Kuu namba 49/37, la Desemba 1994, lilisema mafunzo ni jukumu la nchi inayotoa askari. Umoja wa Mataifa ungetoa viwango na vitabu, na kila nchi ingefundisha kwao.

Tarehe hiyo ina uzito. Mwaka 1994 ndio mwaka wa Rwanda. Kabla yake kulikuwa na Somalia, na mwaka uliofuata ikawa Srebrenica. Misheni zilikuwa zimeongezeka haraka kuliko walimu. Katika pengo hilo, mwaka 1995, Taasisi ya Umoja wa Mataifa ya Mafunzo na Utafiti, UNITAR, ilianzisha kozi za ulinzi wa amani kwa njia ya posta. Aliyeziongoza ni Harvey Langholtz, profesa wa saikolojia huko Virginia, Marekani. Askari aliandika barua, akatumiwa kitabu, akasoma popote alipo, akarudisha mtihani, akapata cheti. Intaneti ilipoenea, bahasha zikawa faili, na mpango ukawa taasisi inayojitegemea. Baadaye walinda amani wa Afrika wakapewa kozi hizo bure. Mtihani ukabaki vilevile: maswali 50, na anayepata asilimia 75 amefaulu.

Wazo lenyewe ni zuri na sitaki kulidharau. Kabla ya hapo, koplo aliyetaka kujua Mikataba ya Geneva inasema nini alisubiri mpaka afisa aliyesoma ng'ambo apate nafasi ya kumweleza. Sasa anaweza kuisoma mwenyewe zamu ikiisha, kwa bando la shilingi mia chache. Mjomba alifanya hivyo. Cheti chake nacho kipo, kimehifadhiwa kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Nilipomuuliza kilimsaidia nini, alifikiri kwanza.

"Kilinisaidia kujua kwamba kuna vitu ninavyotakiwa kujua."

*

Bibi alikuwa anasikiliza. Nilipomaliza kumweleza mjomba habari za kozi za posta, akadakia.

"Hiyo nayo ni mpya? Mume wangu," akaniambia, maana kwa bibi mjukuu wa kiume ni mume, "babu yako alisomesha watu hapa kwa redio kabla mama yako hajaolewa."

Nilikuwa nimesoma habari hiyo vitabuni bila kuihusisha na nyumba yetu. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baada ya hapo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kozi zake kwa njia ya posta, na pamoja nazo kampeni za kusoma kwa vikundi kupitia Radio Tanzania. Iliyokuwa kubwa kuliko zilizoitangulia ilikuwa Mtu ni Afya, mwaka 1973. Kwa wiki 12 nchi nzima ilisikiliza vipindi kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu. Walioshiriki wanakadiriwa kuwa milioni 2, na viongozi wa vikundi waliofundishwa walizidi 70,000. Wakati huo simu ya mezani ilikuwa ajabu, na vijiji vingi havikuwa na umeme.

Babu alikuwa mmoja wa viongozi hao wa vikundi. Hakuwa mwalimu, alikuwa amesoma madarasa manne na kazi yake ilikuwa kulima. Bibi anakumbuka jinsi kikao kilivyokwenda. Siku ya kipindi, watu wasiozidi ishirini walikaa uani. Redio iliwekwa juu ya kinu kilichogeuzwa. Kipindi kilipoisha, babu aliizima. Bibi alilisisitiza hilo mara mbili: aliizima. Kisha mtu anayejua kusoma akasoma kurasa za kijitabu zilizohusu somo la siku ile. Halafu wakazungumza. Je, ni kweli kwamba mbu ndiye anayeleta homa? Madimbwi yetu yako wapi? Nani hana choo, na kwa nini? Kikao hakikuisha mpaka wamekubaliana watafanya nini na nani ataanza. Wiki iliyofuata waliulizana kwanza kama kimefanyika.

"Choo kile," bibi alisema, akionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba ambapo sasa pana migomba, "kilichimbwa na kikundi. Babu yako aliona aibu. Kiongozi wa kikundi, na hana choo."

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali langu. Redio ya 1973 na simu yangu vilifanya kazi ileile ya kulileta somo kutoka mbali kwa gharama ndogo, kwa maneno yaleyale kila mahali. Lakini waliopanga Mtu ni Afya walijua kwamba redio ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kikundi: watu wanaojuana, kiongozi aliyefundishwa kuuliza badala ya kuhutubia, na jambo la kufanya kwa mikono kabla ya wiki kwisha. Mtihani wao ulikuwa shimo, ambalo mtu analiona limechimbwa au halikuchimbwa.

Mimi mtihani wangu niliufanya huku faili la kozi likiwa wazi pembeni. Swali likinishinda, nilitafuta neno kwenye faili, nikapata sentensi, nikabofya. Hakuna aliyeniona, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuniona, maana sikuwa naenda popote. Alama zangu 92 zilipima jinsi ninavyojua kutafuta neno.

*

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ndogo ya walinda amani ilishambuliwa Semuliki, katika eneo la Beni, Kivu Kaskazini. Siku zilizofuata ilitangazwa kwamba Watanzania 14 wameuawa. Hesabu ya baadaye ya Umoja wa Mataifa ilifika 15, mmoja hakuonekana, na waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 40. Washukiwa walikuwa waasi wa ADF. Katibu Mkuu António Guterres alisema ndilo shambulio baya zaidi kwa walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo.

Mjomba alikuwa amesharudi. Anasema habari ilimfikia kwa simu, kwenye kundi la wenzake, kabla ya taarifa ya redio. Ilikuja kwanza picha moja, halafu maswali, halafu kimya. Alikaa siku mbili akisubiri majina. Aliwahi kupita njia ya Kamango, na alijua msitu unavyoikaribia barabara. Si mara ya kwanza kusubiri majina: tarehe 13 Julai 2013, Watanzania saba waliuawa Darfur, karibu na Khor Abeche, walipovamiwa njiani. Lakini Darfur alikuwa hajafika. Semuliki aliiona kichwani.

Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi iliyoongozwa na Dmitry Titov. Muhtasari wake ulitolewa Machi 2018, na nimeusoma mara nyingi. Unasema zilionekana kasoro kadhaa katika mafunzo ya walinda amani, Semuliki na kwenye kambi nyingine za misheni katika eneo lile. Unasema misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu walioshambuliwa au kuwatoa. Unataja uongozi na mlolongo wa amri, na ukosefu wa vitu vya lazima: ndege, wahandisi, taarifa za kiintelijensia.

Ni lazima niwe mwangalifu hapa. Hakuna mahali muhtasari ule unaposema kwamba watu walikufa kwa sababu ya kozi za mtandaoni, na mimi sisemi hivyo. Walikufa kwa sababu walishambuliwa na watu waliokusudia kuwaua. Ninachokiona ni jambo jingine. Mwaka uleule wa 2017 Umoja wa Mataifa ulikuwa umetoa toleo jipya la masomo yake ya msingi kwa askari wanaojiandaa kuondoka. Masomo yalikuwepo, yaliyopangwa vizuri, na kila nchi ingeweza kuyapakua. Hata vifaa vya kisasa misheni ile ilikuwa imevitangulia wengine: tarehe 3 Desemba 2013, Goma, ndiko Umoja wa Mataifa uliporusha kwa mara ya kwanza ndege zake zisizo na rubani. Pamoja na hayo yote, wachunguzi walipofika Semuliki, neno mafunzo lilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoandika.

Kwa hiyo tatizo halikuwa uhaba wa maneno. Kasoro zilizotajwa ni zile ambazo mtu peke yake na skrini yake hawezi kuziziba: nani anamwita nani, nani anakuja, kwa njia ipi, baada ya muda gani, na kama hilo limejaribiwa usiku mkiwa wote pamoja. Nililisema hili kwa mjomba kwa maneno ya chuoni. Akanijibu kwa maneno yake: "Risasi zikianza hukumbuki ulichosoma. Unafanya ulichozoea, na unamtazama mwenzako."

*

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2018, kulikuwa na mapigano mengine katika eneo lilelile la Beni, mahali panapoitwa Kididiwe. Waliuawa walinda amani sita wa Malawi na mmoja wa Tanzania. Miongoni mwa Wamalawi alikuwemo Chancy Chitete. Mtanzania mmoja alikuwa amejeruhiwa vibaya na hawezi kujisogeza, risasi zikiendelea. Chitete alimvuta mpaka mahali penye kinga na kuanza kumhudumia majeraha. Hapo Chitete akapigwa yeye. Mtanzania alipona. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa Chitete, baada ya kufa kwake, nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyopewa jina la Msenegali aliyeokoa watu Rwanda mwaka 1994.

Ujasiri wa Chitete hautoki kwenye kozi yoyote. Lakini mikono inayojua kumhudumia mtu anayevuja damu, tena gizani kwenye kelele, inaweza kufundishwa, na miaka hiyo Umoja wa Mataifa uliliona hilo. Ripoti ya Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazili, iliyotolewa Januari 2018, ilidai mabadiliko makubwa katika usalama wa walinda amani, pamoja na huduma kwa majeruhi. Ukatungwa mtaala wa huduma ya kwanza ambao askari mmoja anamfanyia mwenzake. Mwaka 2019 kozi ya wasaidizi wa tiba wa uwanjani ilifanyika Entebbe, Uganda. Hapo Entebbe pia pana chuo cha Umoja wa Mataifa kinachofundisha mawasiliano na teknolojia za misheni: redio, kamera, mifumo ya kompyuta. Janga la korona lilipofunga mipaka mwaka 2020, sehemu ya masomo yake ilihamia mtandaoni, na mengi yaliwezekana. Mtu anaweza kujifunza kupanga mtandao wa mawasiliano akiwa mbali na mwalimu. Kukaza kijiti juu ya paja la mtu ni habari nyingine, na mimi ni shahidi.

*

Kuna jambo moja zaidi ambalo redio ya babu ilikuwa nalo na kozi yangu haikuwa nalo: ilisema Kiswahili.

Kozi zote nilizozipitia zilikuwa kwa Kiingereza. Askari wetu anafundishwa na kuamriwa kwa Kiswahili kambini, kisha anafungua simu na kukuta maneno mazito ya kisheria katika lugha aliyoiacha kidato cha nne. Akifika Kongo, mambo yanageuka tena. Kivu inasema Kiswahili. Si kile cha Bagamoyo, lakini mnaelewana. Umoja wa Afrika umekifanya Kiswahili lugha yake ya kazi, na SADC pia. Walinda amani wengi duniani wanahitaji mkalimani ili waombe maji. Mtanzania akiwa Beni anahitaji masikio tu.

Mjomba alinieleza kisa cha mama mmoja aliyekuwa akipita karibu na kituo chao kila asubuhi na ndoo ya maziwa ya kuuza. Wenzake wa nchi nyingine walimpungia mkono. Mjomba alimsalimu. Baada ya siku kadhaa mama alianza kusimama. Akaeleza bei za sokoni, akaeleza mwanawe anayesoma, na asubuhi moja akaeleza kwamba jana jioni kuna watu wasiowajua walipita shambani kwake wakiulizia njia. Mjomba alipeleka habari kwa mkubwa wake.

"Ile ndiyo kazi," mjomba alisema. "Kuna ndege inaona kutoka juu, sawa. Ndege haijui kwamba yule si mtu wa pale."

Kozi yangu ilikuwa na sura nzima kuhusu kushirikiana na jamii. Niliipata yote sahihi. Haikuwa na neno hata moja la kumsaidia Mtanzania kujua tofauti ya maneno ya kwao na ya Beni, au namna ya kumsalimu mama wa Kikongo bila kumtisha. Somo hilo lingehitaji watu waliokwisha kwenda, wakae na wanaojiandaa kwenda, wazungumze. Wastaafu wa aina ya mjomba wako wengi nchini, wengi vijijini, na wanayoyajua hayajaandikwa popote.

Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, kundi lilelile ambalo Novemba 2013 tuliambiwa limeshindwa. Siku hiyo mjomba hakufungua redio. Nilipompigia aliniuliza habari za masomo, nikamwambia, na hatukuitaja Kongo. Ninaandika haya nikijua kwamba mafunzo bora kuliko yote yasingeweza peke yake kuizuia Goma isianguke. Hayo ni mambo ya wanasiasa, madini na mipaka. Lakini nchi zikiendelea kutuma watoto wa watu, deni la kuwafundisha liko palepale, na kuwapa cheti hakulilipi.

Sipendekezi tuzitupe simu. Anayesema tuzitupe hajawahi kuwa koplo wa zamu ya usiku mwenye kiu ya kujua. Ninachopendekeza ni cha zamani, kimeshajaribiwa hapa hapa kwetu, kwa betri na vijitabu vya karatasi nyepesi: somo likifika, lizimwe, watu wazungumze kwa lugha yao, kisha wafanye jambo ambalo mwingine anaweza kuja kulikagua.

Siku moja kabla sijaondoka Miono, walikuja vijana wanne wa bodaboda. Nilidhani wamefuata ufuta. Kumbe wiki mbili nyuma mwenzao alipata ajali barabara kuu, akavuja damu watu wakimtazama, na walikuwa wamemwomba mjomba awaonyeshe la kufanya. Mjomba aliniomba simu yangu kwa sababu kioo cha yake hakionyeshi vizuri. Tukatafuta video, tukaitazama watu sita tumebanana mkekani, bibi akiwa wa saba kwa nyuma. Ilikuwa ya dakika tatu.

Ilipoisha mjomba aliizima simu, akaiweka kifudifudi juu ya mkeka. Akatoa vipande vya kanga.

"Wawili wawili," akasema. "Mjomba, wewe na mimi."

Akanyoosha mguu, akaanza kuhesabu. Nilimaliza alipofika tisini na nane.